Bunduki Nyumbani Wakati wa Fujo

Fujo zikitokea mjini, na habari zake zikafika kijijini zimekwisha kuongezwa chumvi, mwenye bunduki hujiuliza: Je, nikivamiwa, sheria inaniruhusu nini? Wengine walijiuliza hivyo baada ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, machafuko yalipotokea katika miji kadhaa, Mbeya mmojawapo. Swali hilo si geni katika nyanda zetu. Watu wa Iringa hulikumbuka kwa jina la Mwamwindi.

Yalitokea Mkungugu, huko Ismani, siku ya Noeli mwaka 1971. Miaka ile Serikali ilikuwa ikihimiza vijiji vya ujamaa, na wakulima wakubwa wa mahindi, wenye matrekta yao, waliona mashamba waliyoyafyeka kwa jasho yanawatoka. Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, akafika shambani kwa Said Mwamwindi. Wakagombana. Mwamwindi akaingia nyumbani, akatoka na bunduki, akampiga risasi, akamwua. Kisha akaipakia maiti katika gari la marehemu mwenyewe, akaendesha mpaka polisi Iringa, akajitoa. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ikamwona na hatia ya kuua kwa kukusudia, naye akanyongwa.

Wako wanaomwonea huruma hata leo, nami siwashangai. Lakini tazameni zile hatua za kuingia ndani na kutoka. Sheria husema kwamba aliyechokozwa akaua papo hapo, kabla hasira haijapoa, kosa lake ni kuua bila kukusudia, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Kuua kwa kukusudia hukumu yake ni moja tu, kifo. Basi, katikati ya matusi na risasi kuna njia fupi ya kwenda chumbani, na katika njia hiyo mtu aweza kupoteza maisha yake.

Kujilinda ni jambo jingine. Kanuni ya Adhabu humpa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenzake, na kulinda mali yake, lakini kwa nguvu za kadiri. Mtu akivunja mlango usiku akiwa na panga, nawe ukaamini kwa sababu za haki kwamba atawaua wanao, ukampiga naye akafa, sheria yaweza kukukinga. Akitupa panga na kukimbia, ukampiga mgongoni, sasa mshtakiwa ni wewe. Na kundi linalopita barabarani likiimba na kutukana halijakuvamia. Fujo haziongezi haki yako hata kidogo.

Jirani naye atakuja kuazima bunduki yako, "kwa usiku huu tu." Mkatalie. Leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Hata mwana mkubwa hairithi bunduki ya baba bila kibali. Habari ya magobole yaliyofichwa darini mnaijua wenyewe.

Na polisi wakija kuichukua bunduki yenye leseni? Msibishane nao mkiwa mmeishika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai yamtaka askari anayechukua kitu katika upekuzi aandike hati ya kukipokea, itiwe saini na mwenye nyumba na mashahidi. Iombeni kwa upole, mwangalie namba ya bunduki imeandikwa sawasawa, kisha muiweke pamoja na leseni.