Kutumiana faili: nani analipa mega, nani anabaki na faili?

Kwa mkaaji wa Goma au Bukavu anayenunua mega kidogo kidogo, njia ya kutuma faili ni jambo la mfuko.

Njia ya zamani ni makundi ya Usenet, yaliyobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa chuo kikuu cha Duke, Marekani. Ujumbe ukiwekwa kwenye seva moja, seva zingine zinaunakili. Faili inapatikana hata kama aliyeiweka amezima kompyuta yake.

Lakini Usenet ilitengenezwa kwa ajili ya maandishi. Wimbo au picha ilibidi igeuzwe kuwa herufi, na uzito ukaongezeka kwa theluthi moja hivi, mpaka yEnc ilipokuja mwaka 2001 kuupunguza. Faili kubwa hukatwa vipande. Kimoja kikikosekana, inaweza isifunguke. Seva nyingi za faili hizo ni za kulipia.

BitTorrent, iliyoanza pia mwaka 2001, haina seva ya kuhifadhi faili: watumiaji wanapeana vipande wao kwa wao. Ni bure, lakini anayepokea pia anatuma, kwa hiyo mega zinaliwa pande mbili, na anwani yake ya intaneti inaonekana kwa wenzake. Wote wenye faili wakizima mashine, haipatikani tena.

Kwa watu walio karibu, Bluetooth au kadi ya simu inatosha: haili hata mega moja. Na kwa njia yoyote, nakala ya faili ya maana ibaki kwa mwenyewe.