Kuku wa Kinampanda Naye Awe na Jina

HOTELI za kitalii zimeongezeka sana katika visiwa vyetu, na pamoja nazo umeingia mtindo wa upishi ambao wazee wetu hawakuujua: chakula cha kisasa kinachounganisha mapishi ya Asia na mapishi ya Ufaransa. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000, na hapana hata mmoja miongoni mwao aliyekaa bila ya kula. Ninayaandika haya nikiwa Kinampanda, katika Wilaya ya Iramba mkoani Singida, mbali na bahari na mbali na hoteli hizo. Lakini ni hapa hasa ndipo swali la meza ya hoteli linapoonekana waziwazi. Swali lenyewe ni hili: katika meza hiyo ya fahari, nani anatajwa, na nani anafanya kazi bila ya kutajwa?

Chakula chenyewe

Ndugu msomaji ambaye hajapata kukikalia chakula hicho na aelezwe kwanza. Vyakula haviletwi kwa pamoja kama tunavyopakua sisi katika sinia. Huja kwa zamu: kianzio, supu, samaki, nyama, na mwisho kitu kitamu. Sahani ni kubwa na kilichomo ni kidogo, kimepangwa katikati kama pambo. Ufundi wa Mfaransa uko katika mchuzi. Mifupa ya kuku au ya ng'ombe huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na vitunguu na karoti, maji yake huchujwa, kisha hurudishwa motoni yapungue mpaka yawe mazito, na mwisho hutiwa siagi. Asia nayo huleta tui la nazi, mchaichai, tangawizi, ukwaju, pilipili na mchuzi wa samaki waliovundikwa kwa chumvi. Jodari hubabuliwa nje tu, ndani akabaki mwekundu, kisha humiminiwa mchuzi wa tui, mchaichai na siagi.

Mgeni huambiwa kuwa hayo ni maajabu ya Bangkok yaliyopitia Paris. Bibi wa Makunduchi akionja atasema kwamba huu ni mchuzi wa nazi uliozidishwa siagi, na kwamba samaki hakuiva. Wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Hapo hapo pana jambo la kuangaliwa. Upishi wa Kifaransa hutumia mvinyo katika michuzi mingi, na pengine mafuta ya nguruwe. Mwislamu aliyealikwa katika dhifa ya kikazi ana haki ya kujua kilichomo kabla ya kutia mkono. Aghalabu orodha ya vyakula huandikwa kwa lugha za kigeni, na mtumishi wa serikali huona haya kuuliza. Hapana sababu ya kuona haya katika nchi yako mwenyewe. Orodha iandikwe pia kwa Kiswahili, na kilichomo kitajwe wazi.

Mchanganyiko ulikotoka

Mchanganyiko huu haukuzaliwa hotelini. Wafaransa waliuteka mji wa Saigon mwaka 1859, na utawala wao katika Indochina ulidumu mpaka mwaka 1954. Waliacha mkate, kahawa na siagi. Wavietnamu wakaupasua ule mkate, wakautia kotmiri, pilipili na mboga zilizolowekwa katika siki, ukawa chakula chao wenyewe kiitwacho banh mi. Mwaka 1973 waandishi wawili wa Paris, Henri Gault na Christian Millau, walitangaza kanuni za upishi mpya uliokataa michuzi mizito na kuvipika vitu kupita kiasi. Tangu hapo wapishi wa Ufaransa wakazidi kutazama upande wa Japani na nchi jirani zake. Mwaka 1983 Wolfgang Puck, mzaliwa wa Austria, alifungua mkahawa wa Chinois on Main huko Santa Monica, Marekani, akapika Kichina na Kifaransa katika jiko moja. Mwaka 1992 Jean-Georges Vongerichten, Mfaransa aliyewahi kupika hotelini Bangkok, alifungua mkahawa wa Vong mjini New York. Kutoka huko mtindo ukaenea katika hoteli za dunia, ukafika mpaka fukwe zetu.

Lakini Mzanzibari asiikalie meza hiyo kama mtu aliyepotea njia. Kuchanganya ni kazi ya zamani ya pwani hii. Pilau, biriani, sambusa, chapati na halua vilivuka bahari pamoja na pepo za kaskazi, vikapata nazi yetu na mikono ya mama zetu, leo hapana anayeviita vya kigeni.

Na karafuu je? Kwa zaidi ya karne moja Waholanzi waliizuia miche ya karafuu isitoke katika visiwa vya Maluku, huko Asia. Pierre Poivre, aliyekuwa mtawala wa Kifaransa katika kisiwa cha Mauritius, alituma watu wakaitorosha, na miche ikawasili Mauritius mwaka 1770. Mwanzoni mwa karne ya 19 karafuu ikatoka katika visiwa vya Wafaransa ikafika Unguja, ikapandwa na kupaliliwa kwa jasho la watumwa. Basi Asia na Ufaransa walikwisha kukutana katika mashamba yetu kabla hoteli hizi hazijawekewa jiwe la msingi.

Tukumbuke na habari ya vanila, ambayo mpishi wa Kifaransa hawezi kutengeneza kitu kitamu bila ya kuitafuta. Namna rahisi ya kulichavusha ua lake kwa mkono iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, kwa kijiti na kidole gumba. Ugunduzi huo uliwatajirisha wenye mashamba. Albius mwenyewe alikufa maskini mwaka 1880. Kazi ilikuwa yake, faida ikawa ya wengine.

Majina yanayolindwa

Tukiuchunguza upishi wa Wafaransa kwa makini, tutaona kwamba nguvu yao haiko katika kupanga sahani. Iko katika kulilinda jina la mkulima wao. Mashariki ya Ufaransa iko sehemu iitwayo Bresse, inayofuga kuku weupe wenye undu mwekundu na miguu ya buluu. Mwaka 1957 sheria ya Ufaransa iliamua kwamba hapana kuku atakayeitwa wa Bresse ila aliyefugwa huko kwa masharti. Kila kuku apate nafasi ya nyasi isiyopungua mita 10 za mraba, alishwe nafaka na maziwa, na asichinjwe kabla ya umri uliowekwa. Kuku huyo ni wa kijijini kama wa kwetu, lakini huuzwa kwa bei ya juu, na katika orodha ya hoteli jina la kijiji chake hutangulia jina la mpishi.

Asia nayo haikulala. Mchuzi wa samaki wa kisiwa cha Phu Quoc, Vietnam, jina lake lilipata ulinzi katika Umoja wa Ulaya mwaka 2012. Pilipili manga ya Kampot, Kambodia, ikapata ulinzi huo mwaka 2016. Phu Quoc ni kisiwa cha wavuvi. Wanavundika dagaa kwa chumvi, na dunia nzima inalazimika kukitaja kisiwa chao. Sisi pia ni watu wa visiwa, na dagaa tunao.

Kuku wa Kinampanda

Sasa tuitazame Kinampanda. Watumishi wengi wa serikali wanaijua kwa chuo chake cha ualimu, kwa kuwa walimu waliosomea hapa wametawanyika nchi nzima. Iko mbali na Dar es Salaam, katika nchi ya uwele, mtama, viazi vitamu na mlenda. Mkoa huu wa Singida una sifa ya vitu vinne ambavyo kila jiko la hoteli huvihitaji: vitunguu, asali, mafuta ya alizeti na kuku.

Vitunguu ndio msingi wa ule mchuzi wa Kifaransa tulioutaja. Kuhusu alizeti, mwaka 2021 Serikali iliiteua Singida pamoja na Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya mkakati, kwa sababu mahitaji ya nchi yalikadiriwa kuwa tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, ilhali uzalishaji wa ndani haukufika hata nusu. Kuku wa Singida ndiye anayesifiwa Dar es Salaam kwa ladha yake.

Lakini kuku huyo husafirije? Mama wa Kinampanda humlea kwa miezi mingi, akimlinda na mwewe, kicheche na kideri. Mchuuzi hupita nyumba kwa nyumba, akamnunua kwa bei aitakayo yeye mchuuzi, akamtia katika tenga pamoja na wengine kutoka Mkalama na Ikungi. Akifika mjini amekwisha kupoteza kijiji chake. Huitwa kuku wa kienyeji tu, na enyeji yenyewe haitajwi ni ya wapi. Na akivuka bahari kwenda Unguja, hukuta sokoni kuku wa barafu aliyetoka Brazil, mwenye karatasi inayoeleza asili yake na uzito wake. Wa Brazil ana jina na wa Iramba hana!

Tusiwe wepesi wa kumlaumu mpishi wa hoteli. Mpishi huyo anahitaji kuku 60 wa uzito mmoja kila Ijumaa, waliochinjwa kihalali, waliopimwa afya, na waliokuja na risiti. Kuku wa kienyeji huja wakubwa kwa wadogo, na kideri kikipita humaliza kijiji kizima. Jina bila ya kipimo ni porojo. Wa Bresse hawakupewa heshima kwa kuimbwa, bali kwa kutii masharti waliyojiwekea wenyewe.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, wafugaji wa Kinampanda na vijiji vya jirani hawana budi kuungana katika ushirika. Chanjo ya kideri ipo, lakini haifai kitu kama nyumba moja itachanja na ya pili ikaacha. Ushirika ndio unaoweza kuweka kalenda ya chanjo, mizani, mahali pa kuchinjia na bei moja ambayo mchuuzi hataweza kuivunja.

Pili, wanaoshika sheria waitumie. Zanzibar ilikwisha kutunga Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2008, ambayo inatambua majina ya bidhaa yanayotokana na mahali. Sheria iliyolala kabatini haimlishi mtu. Karafuu ya Pemba, dagaa wa Unguja, na kwa upande wa Bara kuku na asali ya Singida, vyote vistahili kuandikiwa masharti yake na kulindwa.

Tatu, wenye hoteli waandike katika orodha zao kitu kilikotoka. Mgeni aliyesafiri saa kumi angani anafurahi kusoma kwamba pweza huyu alivuliwa Jambiani na kuku huyu alifugwa Iramba. Wala haitagharimu hoteli kitu ila wino. Vijana wetu wanaosomea utalii Maruhubi wafundishwe kuyaeleza hayo kwa fahari, kama wanavyofundishwa kukunja vitambaa.

Nne, Serikali yenyewe ni mteja mkubwa wa hoteli. Semina na warsha hazina idadi. Ofisi inayolipia chakula cha watu mia inaweza kusema kwamba mafuta yawe ya alizeti ya nchini, na kuku awe wa nchini. Agizo moja kama hilo lina nguvu kuliko hotuba kumi. Mwaka 1972, kule Iringa, tuliambiwa kwamba siasa ni kilimo. Hatukuambiwa kwamba kilimo huishia mlangoni mwa ukumbi wa mkutano.

Najua msomaji wa Visiwani atauliza: kwa nini kuku wa Singida, na si wa Donge au wa Wete? Swali ni la haki. Kila kinachowezekana kufugwa na kulimwa Unguja na Pemba kitangulie, na mboga, matunda, viungo na samaki vina nafasi ya kwanza katika meza hiyo. Lakini visiwa vyetu ni vidogo, ardhi inazidi kubanwa na majengo, na alizeti haitutoshi. Pale tunapolazimika kununua nje ya visiwa, fedha hiyo na imfikie ndugu wa Iramba kabla ya kuvuka bahari mbili kwenda kwa mtu asiyetujua.

Basi sisemi kwamba chakula cha Asia na Ufaransa kifukuzwe. Mpishi anayejua kazi yake aheshimiwe, atoke Lyon au Bangkok, na kijana wetu akae karibu yake ajifunze. Ninachosema ni kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mtindo huu wa upishi utapita kama mitindo mingine ilivyopita, na hoteli zitabadilisha orodha zao. Wakati huo mama wa Kinampanda atakuwa bado anafuga. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuna budi kukumbuka kwamba mwenyeji wa mgeni anayekula Nungwi si yule aliye Nungwi peke yake. Yuko pia mwenyeji wa Iramba ambaye kuku wake amefika mezani kabla ya jina lake.