Haki ya Mnyama Haianzii Kwenye Kisu

Kila Sikukuu ya Kuchinja inapokaribia, malori ya ng'ombe huongezeka katika barabara kuu ziteremkazo Pwani. Wanyama hao hununuliwa katika minada ya Shinyanga, Tabora, Singida na Dodoma, wakaletwa mnada wa Pugu, na kutoka hapo wakagawanywa katika machinjio ya Dar es Salaam na ya jirani. Ni safari ya mamia ya kilomita. Yeyote aliyesimama kando ya barabara wakati lori la namna hiyo likipita ameyaona yaliyomo: ng'ombe aliyeanguka anakanyagwa na wenzake, na kijana aliye juu ya bodi anamchoma kwa fimbo au kumpinda mkia ili ainuke. Nyama ya mnyama huyo ndiyo tunayoipikia pilau na kuitolea sadaka.

Tunalizungumza jambo hili kwa sababu limezuka swali, hasa miongoni mwa vijana waliosoma. Wanauliza: mtu anayeamini kwamba misitu na mito haina budi kuhifadhiwa, na kwamba mnyama naye ana haki ya kutoteswa, anawezaje kuketi mbele ya sinia la nyama bila kujipinga mwenyewe? Wapo wazee wanaolijibu swali hili kwa kicheko, wakisema kuwa hayo ni mambo ya Wazungu walioshiba. Sisi hatukubaliani nao.

Ni kweli kwamba huko ng'ambo hoja hii imeandikiwa vitabu. Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia, alitoa chake mwaka 1975, akidai kwamba kuyapuuza maumivu kwa sababu tu mwenye kuumia si binadamu ni dhuluma. Lakini mtoto wa Pwani hakuhitaji kukisubiri kitabu hicho. Chuoni, kabla hata hajaanza darasa la kwanza, alifundishwa na mwalimu wake kwamba kisu kinolewe barabara, kwamba kisinolewe mbele ya macho ya mnyama, na kwamba mnyama asichinjwe mwenziwe akitazama. Alisimuliwa habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula, na za mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Omar aliwaonya watu juu ya mazoea ya nyama, akiyafananisha na mazoea ya ulevi. Mafundisho hayo hayakuiharimisha nyama. Yaliihalalisha kwa masharti, na masharti ndiyo tuliyoyasahau. Siku hizi tunadhani kwamba mchinjaji akishatamka Bismillahi, basi yote yaliyotangulia yamefutika: kiu ya njiani, mguu uliovunjika, fimbo ya ubavuni.

Nayo Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama, na inagusa usafirishaji wake pamoja na uchinjaji. Lakini lori hupimwa uzito njiani na vibali vyake hukaguliwa. Hali ya waliomo ni wangapi wanaoiulizia?

Kwa upande wa mazingira shauri ni zito zaidi. Ng'ombe anapocheua hutoa gesi ya methani, ambayo hushika joto la angani kwa nguvu kubwa kuliko hewa ya ukaa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2013 kwamba mifugo ya dunia nzima huchangia asilimia 14.5 ya gesi za namna hiyo zitokanazo na shughuli za binadamu. Huko Brazil, msitu wa Amazon umefyekwa kwa sehemu kubwa ili kupata malisho. Hatuwezi kuyakana hayo. Tunayo haki, hata hivyo, ya kuuliza ni nani anayekula. Mmarekani hula zaidi ya kilo 100 za nyama kwa mwaka; wastani wa Mtanzania haufiki robo yake. Tena, katika nyanda kavu za Wamasai mahindi hukauka kabla ya kubeba, na ng'ombe ndiye anayeyageuza majani kuwa maziwa. Kumwambia mtu wa huko aache mifugo na ale maharage ni kumwambia ahame.

Lakini ulafi wa tajiri haugeuki kuwa ruhusa kwetu, maana nasi tunao mfano wetu. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakabanana katika madimbwi ya matope. Maji ya mto huo ndiyo yanayoelekea Mtera na Kidatu kuzalisha umeme. Mwaka 2006, nchi ikiwa katika shida kubwa ya umeme, iliamuliwa kwamba wafugaji waliokuwa Usangu na Ihefu waondoke, na wengi wakaelekezwa mikoa ya Kusini, hasa Lindi. Malalamiko juu ya uhamishaji huo yalikuwa makubwa hata Rais akaunda Tume ya kuyachunguza mwaka 2007. Wataalamu walioupima mto nao walionyesha kwamba maji yaliyochepushwa kwenda katika mashamba ya mpunga yalikuwa sababu kubwa ya ukame ule kuliko kwato za ng'ombe.

Tazama basi gharama iliwaangukia akina nani. Mfugaji alipoteza mifugo njiani. Mkulima wa Kilwa alipokea makundi ya ng'ombe mahali ambapo malisho hayakuwa yametengwa, na ugomvi ukafuata. Sisi walaji wa mijini, ambao kwa ajili yetu ng'ombe hao hununuliwa mnadani (na mpunga ule hulimwa), hatukuulizwa neno. Tuliendelea kulalamikia bei ya buchani. Hapo ndipo tunapoona kujipinga kwenyewe, kudai kwa wakati mmoja mto usikauke na nyama ishuke bei.

Tunapendekeza nyama isafiri badala ya ng'ombe. Machinjio yajengwe karibu na wafugaji, wachinjaji wanaokubalika na waumini wawekwe huko, na nyama iletwe Pwani katika magari ya baridi. Tunajua pingamizi. Mnunuzi wa kwetu anaitaka nyama ya moto, iliyochinjwa alfajiri ile ile, na ile iliyolala kwenye barafu huitilia shaka. Shaka hiyo itaondoka pale tu muhuri wa mkaguzi utakapoaminika, na kazi hiyo ni ya Serikali. Mfugaji naye apewe bei itakayomfanya auze mapema, asisubiri kiangazi kimmalizie kundi. Ng'ombe wachache walioshiba humfaa kuliko mifupa mia inayotembea.

Kwa sikukuu ya mwaka huu, wenye kuchinja wakumbuke kwamba ng'ombe mmoja hutosha watu saba, na wamuulize dalali mnyama alinyweshwa maji lini. Halmashauri nazo hutoza ushuru kwa kila ng'ombe anayeuzwa mnadani. Sehemu ya fedha hizo ijenge birika la kunyweshea na ngazi ya kushushia mifugo kutoka kwenye malori, na kazi hiyo ianze kabla ya kuandama kwa Mfunguo Tatu.