Hambaka za Kizamani: Ipi Italifaa Gitaa Lako Hewani?

Tukisema Hewani hapa hatumaanishi redioni. Ni kijiji cha Wapokomo kule Tana Delta, si mbali na Garsen. Na tukisema pikapu, usifikirie gari la kubebea maembe. Ni kile kifaa kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme na kugeuza mtikisiko wake kuwa mawimbi ya kwenda kwa amplifaya.

Kama unapiga gitaa kanisani au harusini, unaijua ile "mmmmm" ya spika kabla hujagusa uzi wowote. Pikapu ya koili moja hunasa mngurumo wa stima, ambayo hapa Kenya ni hezi 50. Mwaka 1955 mhandisi wa Gibson, Seth Lover, aliunda dawa yake: koili mbili zilizopangwa kinyume, kelele zikafutana, sauti ya nyuzi ikabaki. Ndiyo hambaka. Zile za mwanzo huitwa PAF, na nyingi hupima kilo-omu 7 hadi 9.

Sasa, nakala zinazouzwa leo zinatofautiana wapi?

Sumaku. Alniko 2 ni laini: besi imelegea kidogo, sauti ya juu haichomi masikio. '57 Classic ya Gibson na Alnico II Pro ya Seymour Duncan ziko kambi hii. Alniko 5 ina nguvu zaidi: besi imekaza, noti inatoka wazi. Humo ndimo ilimo '59 ya Seymour Duncan. Amplifaya yako ikiwa kali, jaribu 2. Ikiwa nzito na inaguguma, jaribu 5.

Waya. Muuzaji atakuambia, "Hii ina moto, kilo-omu 16!" Tulia. Waya mwingi huongeza nguvu lakini humeza sauti ya juu. Kwa roki nzito, sawa. Kwa benga au rumba, ambako solo inakimbia na kila noti lazima isikike, utabaki na uji tu.

Nta. PAF za kwanza hazikuchovywa kwenye nta, na baadhi ya nakala hufuata desturi hiyo. Zina uhai, lakini zikikaribia spika kubwa hupiga mayowe. Kama bendi yenu hubanana jukwaa dogo na kufungulia sauti, chukua iliyochovywa.

Ukiwa na pesa ya moja tu, mimi ningeweka alniko 5 yenye waya wa kiasi karibu na daraja, maana solo nyingi hupigiwa hapo.

Lakini usikimbilie kutoa doo. Hambaka za majina makubwa zinaweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe. Anza na bisibisi: pikapu ikikaribia nyuzi kupita kiasi, sauti hujaa na kuvurugika. Ishushe kidogo kidogo, ukisikiliza. Na kama kelele inanyamaza ukigusa nyuzi, shida huenda ni kinga ya ndani ya gitaa. Mpelekee fundi kwanza. Hapo hata hambaka ya bei ya ng'ombe haitakuokoa.

Melodi ya Wimbo wetu wa Taifa ilitokana na bembelezo la Wapokomo. Watu waliotupa noti hizo hawastahili gitaa linaloguguma.