Utulivu wa Moyo Hupatikana Wapi?

Hapana mwanadamu asiyetafuta raha ya moyo. Tajiri huitafuta katika mali yake, na maskini hudhani angeipata lau angekuwa na nusu ya mali hiyo. Kijana huitafuta katika safari na starehe, na mzee huikumbuka kama kitu kilichompita zamani. Wote hawa ukiwauliza, jawabu lao ni moja: moyo haukutulia. Basi, ndugu zangu Waislamu, wazee wetu, akina mama na vijana, tumeona vyema tuizungumze habari hii, kwani ni maradhi yaliyoingia nyumba nyingi, na dawa yake tunayo humo humo majumbani mwetu, ila tumeiacha juu ya rafu ikashika vumbi.

Kwanza na tuujue ugonjwa wenyewe. Mwili wa mtu huwa mahali hapa na moyo wake ukawa mahali pengine. Mama yuko jikoni anakuna nazi, na moyo wake uko katika ada ya skuli ya mwezi ujao. Baba amekaa mkekani pamoja na wanawe, na moyo wake ungali dukani unagombana na mdeni. Kijana amefungua msahafu, na sikio lake linangoja simu ilie. Chakula huliwa wala ladha yake haijulikani, na mtoto husimulia mambo yake akajibiwa "ndiyo, ndiyo" na mzazi asiyemtazama. Jua likichwa, mtu huyu amechoka kweli kweli, naye hakuwapo katika siku yake hata saa moja. Kilichomchosha si kazi peke yake, bali ni kuubeba mzigo wa jana na mzigo wa kesho pamoja na mzigo wa leo.

Watu wa nchi za Magharibi nao wameuona ugonjwa huu. Mwaka 1979 mtaalamu mmoja wa Marekani, Jon Kabat-Zinn, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo ya wiki 8 kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu na dhiki za moyo. Huwafundisha kuziangalia pumzi zao, miili yao na saa ile ile waliyomo, ili wasichukuliwe na mawazo kila yanapopita. Asili ya mazoezi hayo aliitoa katika mafunzo ya Kibuda, akayavua vazi la dini, na leo yanafundishwa katika mahospitali na maskuli ya nchi nyingi. Hatuna sababu ya kuwacheka watu wanaotafuta nafuu. Lakini Mwislamu yampasa ajiulize: Je, sisi hatukupewa kitu katika jambo hili? Tumepewa, tena mara 5 kwa kila siku.

Wanavyuoni wetu wamekiita kitu hicho hudhuri ya moyo, yaani moyo kuwapo pale ulipo mwili. Na aliyelieleza jambo hili kwa ufasaha mkubwa ni Imam Ghazali, aliyezaliwa Tus, katika nchi ya Uajemi, mwaka 1058, akafa huko huko mwaka 1111. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, mwenye jina kubwa na wanafunzi wengi mno. Juu ya yote hayo moyo wake haukutulia. Mwaka 1095 ulimi wake ulifungwa, akawa hawezi kusomesha, na chakula hakimpiti kooni. Waganga walimtazama wakasema kuwa ugonjwa umeanzia moyoni. Akaiacha kazi ile na sifa zake, akaenda Sham, akakaa muda wa kama miaka 2 katika ibada na kuitengeneza nafsi yake. Mtu huyu aliyeonja ugonjwa wenyewe ndiye aliyetuandikia Ihya, kitabu chenye sehemu 40 juu ya kuihuisha elimu ya dini.

Katika sehemu ya siri za Sala, Imam Ghazali amehesabu mambo 6 yanayoipa Sala uhai wake: kuhudhuria kwa moyo, kufahamu yanayosemwa, kumtukuza Mwenyezi Mungu, kumcha, kumtaraji, na kumwonea haya. Tazama, msomaji, lililotangulia ni lipi. Kisha akaeleza sababu kwa maneno mepesi: moyo huufuata muradi wa mtu. Kinachokushughulisha ndicho moyo wako uliko, upende usipende. Kwa hiyo mtu hawezi kuukamata moyo kwa nguvu na kuufunga kamba. Dawa ni kuugeuza ule muradi, na kuziondoa njia za kushughulishwa kabla hazijafika: kuinamisha macho, kusali karibu na ukuta, na kukiweka mbali kila kinachovuta jicho na sikio.

Na hili lina asili katika mwendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Bibi Aisha (R.A.) amepokea kuwa Mtume alisali hali amevaa shuka yenye mapambo, na macho yake yakayaangukia mapambo yale. Alipokwisha kusali aliamuru shuka ile ipelekwe kwa Abu Jahm, na aletewe badala yake nguo ya Abu Jahm isiyo na mapambo, kwani ile imemshughulisha katika Sala. Ndugu yangu, ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu aliondoa nguo kwa sababu ya mistari yake, sisi tutasema nini juu ya simu inayotetemeka mfukoni hali tumesimama mbele ya Mola wetu?

Tena yako mafunzo ya mwili. Abu Huraira (R.A.) amepokea habari ya mtu aliyeingia msikitini akasali kwa haraka, kisha akaja kumwamkia Mtume. Mtume akaitikia salamu yake, akamwambia arudi kusali kwani hakusali. Mambo hayo yakawa mara 3, mpaka yule mtu akaapa kuwa hajui namna iliyo bora kuliko hiyo, basi na afundishwe. Mtume akamfundisha arukuu mpaka atulie katika rukuu, ainuke mpaka asimame sawa sawa, asujudu mpaka atulie katika kusujudu. Utulivu huo ndio unaoitwa tumaanina, na katika madhehebu yetu ya Shafi ni nguzo, wala si pambo. Nasi tumekatazwa kudonoa katika Sala kama adonoavyo kunguru. Viungo vikitulia, moyo nao huona njia ya kutulia. Viungo vikikimbia, moyo umekwisha fika sokoni.

Lakini mtu asidhani kuwa jambo hili lina mwisho wake msikitini. Sala ni chuo, na aliyesoma chuoni hutakiwa akaitumie elimu yake nje. Atawadhapo, na ayasikie maji yakipita mikononi mwake, asiwe anahesabu madeni. Alapo, na aseme Bismillahi, ale kwa mkono wake wa kulia na kilicho mbele yake, kama Mtume alivyomfundisha mtoto Umar bin Abi Salama. Aliye jikoni, achungaye mpunga, ashonaye, avutaye nyavu, kila mmoja aweza kufanya kazi yake na ulimi wake umelowa kwa dhikri, kazi ikatengenea na moyo ukapumzika.

Na katika kukaa na watu, Mtume amesifiwa kuwa akimgeukia mtu humgeukia kwa mwili wake wote. Hiyo ni Sunna nyepesi isiyotaka fedha wala elimu nyingi, nayo inaweza kuzitengeneza nyumba zetu. Sisi tunaosomesha watoto twajua kuwa mtoto asiyesikilizwa nyumbani humtafuta wa kumsikiliza njiani, na wa njiani si wote wema. Baba akimgeukia mwanawe kwa uso na kifua chake kwa dakika 10 tu baada ya Magharibi, amempa kilicho kikubwa kuliko nguo za Idi.

Hasira nayo ina adabu yake. Tumefundishwa kuwa aliyekasirika hali amesimama na akae, na isipomwondoka na alale. Ndani ya mafunzo haya mna hekima kubwa, kwani mtu hulazimika kuiona hasira yake kabla ya kuitii. Maneno mengi yaliyovunja ndoa yasingetoka lau msemaji angekaa kitako kwanza.

Hapa yataka tuondoe kosa moja. Utulivu wa moyo si kutokuwa na huzuni. Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe mdogo, Ibrahimu, macho yake yalitoka machozi na moyo wake ukahuzunika, naye hakutamka ila la kumridhisha Mola wake. Basi aliyefiwa asiambiwe kuwa imani yake ni pungufu kwa sababu analia. Na aliyeshikwa na huzuni isiyomwondoka, hali wala halali, asione haya kwenda kwa daktari, kwani tumeamrishwa kujitibu. Tangu zamani mwanachuoni Abu Zaid al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na siha ya nafsi pamoja, akaeleza kuwa nafsi nayo huugua kama mwili, nayo ina matibabu yake.

Sasa tuanzie wapi? Tusianze kwa makubwa tukachoka. Kila mtu na achague Sala moja wiki hii, aiendee mapema, aizime simu yake, afahamu maana ya Alhamdu anayoisoma, na akae katika kila rukuu na kila sijda mpaka mifupa itulie. Moyo ukitoroka, na aurudishe bila ya kukata tamaa, na ukitoroka tena aurudishe tena, kama mchungaji na mbuzi wake. Na usiku kabla ya kulala ajihesabu kidogo: leo nilikuwapo wapi, na wapi sikuwapo? Wiki ya pili aongeze Sala nyingine.

Qur'ani Tukufu imetufundisha, katika Sura ya Ar-Raad, kuwa nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Na kukumbuka hakuwi kwa ulimi peke yake hali moyo umesafiri. Tunamwomba Mola wetu azirudishe nyoyo zetu pale tulipo, azijaalie nyumba zetu kuwa nyumba za utulivu, na awajaalie watoto wetu wema kuliko sisi. Amin.