Kamoto iliingia ndani ya bede mwaka mmoja kabla ya kubomoka

Vijana wa Kolwezi wenye kupenda Naruto na Black Panther ni wengi, na wengi wao hawajui kama mgodi wa Kamoto, ule ambao vumbi lake linawaingia machoni kila siku, nao uko na bede yake. Tena haikuandikwa na mzungu mwenye kukaa Brussels. Iliandikwa na mtoto wa Kolwezi.

Kitabu kinaitwa Alerte à Kamoto, ndiyo kusema "Hatari Kamoto". Kilitoka mwaka wa 1989. Mwandishi wake ni Pie Tshibanda, mwanasaikolojia aliyezaliwa Kolwezi mwaka wa 1951. Wasomaji wazee wanakumbuka kilichofuata: mwezi wa 9 mwaka wa 1990, sehemu ya katikati ya mgodi wa Kamoto, kule chini ya udongo, ilibomoka. Hatusemi kama Tshibanda alitabiri, maana kitabu si uganga. Lakini ni jambo la kushangaza kidogo kuona jina la mgodi na neno "hatari" viko pamoja kwenye jalada la bede, kiisha mwaka mmoja tu Gécamines inaanza kuanguka. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ilikuwa inatoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka wa 1993 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mwenye baba yake alifanya kazi Gécamines hana lazima ya kuelezwa hesabu hiyo inamaanisha nini mezani.

Sasa bede ni nini kabisa? Watu wengi wanafikiri ni picha za kuchekesha watoto. Bede ni hadithi inayosimuliwa na picha zinazofuatana ndani ya visanduku, maneno yakiwa ndani ya viputo. Siri yake haiko ndani ya visanduku. Iko katika ule uwazi mweupe kati ya kisanduku na kisanduku. Tuchukue mfano. Kisanduku cha kwanza: mama amesimama mlangoni, jua linashuka. Cha pili: sahani ya bukari imefunikwa mezani. Cha tatu: sahani ni ile ile, imefunikwa vile vile, lakini dirishani ni asubuhi. Hakuna mtu aliyesema kama mwanaume hakurudi kutoka kwenye shimo. Wewe msomaji njo umesema, ndani ya kichwa chako. Filamu haikupi kazi hiyo, inakuvuta tu. Njo maana bede inaweza kubeba mambo mazito ambayo watu wanaogopa kuyatamka kwa sauti.

Ile bede ndefu, yenye kurasa mia na zaidi, ya watu wakubwa, tunaweza kuiita riwaya ya picha. Marekani jina hilo lilipata nguvu na kitabu cha Will Eisner cha mwaka wa 1978 (kwetu mwaka huo watu wanaukumbuka ju ya vita vya Kolwezi, si ju ya vitabu). Kiisha akaja Art Spiegelman na Maus. Alichora namna baba yake alivyopita ndani ya mauaji ya Wayahudi: Wayahudi ni panya, Wanazi ni paka. Mwaka wa 1992 Maus ilipewa zawadi ya Pulitzer, na tangu hapo kusema kama bede ni ya watoto peke yao kukawa kugumu. Upande wetu wa Afrika, Marguerite Abouet wa Côte d'Ivoire alionyesha na Aya de Yopougon kama hata maisha ya kawaida ya kartie, mapenzi, masomo na uvumi wa majirani, yanatosha kujaza albamu nzima.

Turudi Katanga. Miaka ya 1992 na 1993, wakaaji wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, kiisha Kolwezi. Wengi kati yao walikuwa wamezaliwa hapa, watoto na wajukuu wa wafanyakazi ambao Union Minière ilikuwa imewatafuta Kasai tangu wakati wa ukoloni. Walilala kwenye vituo vya treni wiki na wiki, wengine miezi, wakingojea behewa la kuwapeleka mahali ambako walikuwa hawajawahi kukanyaga. Wengi walikufa hapo hapo na njiani, ju ya njaa na magonjwa. Waliitwa "refoulés", waliorudishwa kwao.

Pie Tshibanda, naye wa asili ya Kasai, alilifanya jambo hilo bede: Les refoulés du Katanga, katikati ya miaka ya 1990. Yeye mwenyewe alikimbilia Ubelgiji mwaka wa 1995, na huko watu walimjua zaidi kama msimuliaji wa jukwaani, kwa Un fou noir au pays des Blancs, ambayo ilitoka pia kama kitabu mwaka wa 1999. Anachekesha watu na habari za mwafrika anayegundua namna wazungu wanavyoishi. Lakini kwetu sisi, ile bede njo inapaswa kuulizwa kwanza. Mtoto aliyezaliwa Kolwezi mwaka wa 2005 anasikia nyumbani nusu-nusu: "wakati ule", "wakati wa matatizo". Shuleni jambo linapitwa haraka. Kila upande uko na namna yake ya kusimulia, na uchaguzi ukikaribia, maneno ya zamani yanaamka. Bede haitamaliza ugomvi huo, lakini inaweza kumweka msomaji kwenye kituo cha treni pamoja na mtu mwenye sura, mwenye sanduku mkononi, na si pamoja na neno "refoulé" peke yake.

Kuna mtu mwingine wa kwetu ambaye, kwa maoni yangu, alitengeneza riwaya ya picha kubwa kuliko zote za Kongo bila kuiita hivyo. Ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1947. Alikuwa mpiga picha za rangi za sokoni, zile watu walikuwa wanatundika sebuleni: mamba-muntu, "Colonie Belge" na mfungwa anayechapwa fimbo. Mwaka wa 1973 na 1974, kwa kukutana na mwanaantropolojia Johannes Fabian, alipaka historia nzima ya nchi katika picha 101, zikifuatana: zamani za mababu, wazungu wa kwanza, Lumumba, Katanga kujitenga, Mobutu. Picha ya kifo cha Lumumba iko na misalaba mitatu kwa mbali, kama Golgota. Na kila picha Tshibumba aliieleza kwa mdomo, mbele ya mashine ya kurekodi, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, si kile cha Dar es Salaam. Fabian alichapisha picha na maneno pamoja mwaka wa 1996. Picha ziko Uholanzi leo.

Hapa kuna jambo la kuudhi. Tshibumba alisimulia kwa Kiswahili, lakini bede zetu nyingi zinazungumza Kifaransa. Kinshasa walifanya namna nyingine. Mwaka wa 1968 lilianza gazeti Jeunes pour Jeunes, la Achille Ngoye na Freddy Mulongo, ambamo mhusika kama Apolosa alisema lugha ya vijana wa barabarani. Miaka ya 1990 Papa Mfumu'Eto alichora vijitabu vya bei ndogo kwa Lingala, karatasi mbaya, wino unaochafua vidole, na watu wakagombania. Kimoja kilichojulikana sana kilikuwa habari ya tajiri anayegeuka nguma, anameza mwanamke, kiisha anatapika pesa. Wakati wa Mobutu, kila mtu alijua nguma ni nani, hata kama jina halikuandikwa. Vijitabu hivyo viliuzwa sokoni, pembeni ya nyanya, na vilipita mkono hadi mkono kwa sababu mama muuzaji aliweza kuvisoma, si mwanafunzi wa chuo peke yake.

Mashariki nako tuko na jina kubwa: Barly Baruti, mtoto wa Kisangani, wa mwaka wa 1959. Alianza na bede za kufundisha watu mambo ya mazingira, kiisha akafanya albamu na wachapishaji wakubwa wa Ulaya. Ile ambayo wasomaji wa Kalemie na Uvira wangeipenda ni Madame Livingstone ya mwaka wa 2014, pamoja na Christophe Cassiau-Haurie: vita ya kwanza ya dunia kwenye ziwa Tanganyika, meli ya Wajerumani, na Waafrika waliopigana vita isiyokuwa yao. Pat Masioni, mkongomani mwingine, alichora matoleo ya Unknown Soldier kwa nyumba ya DC, ile ile ya Batman, habari yake ikiwa kaskazini mwa Uganda. Kwa hiyo anayesema kama kazi hii haiwezi kufika mbali, hajaangalia vizuri.

Na Sammy Baloji? Mji wa Lubumbashi unamjua kama mpiga picha anayeonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa. Aliyezaliwa mwaka wa 1978, alianza na kuchora katuni, kamera ikaja nyuma. Ukiangalia kazi yake Mémoire ya mwaka wa 2006, mkono wa mchora bede ungali mule: wafanyakazi wa zamani, waliokatwa kutoka kwenye picha za ukoloni, wamesimamishwa mbele ya mabomoko ya Gécamines ya leo. Visanduku viwili vimebandikwa kimoja juu ya kingine. Yeye na wenzake walianzisha Picha, mwaka wa 2008, na kutoka hapo ikazaliwa Biennale ya Lubumbashi.

Wapenzi wa bede duniani wanapenda pia vitu: sanamu ndogo, pete, sarafu za ajabu. Hapo Katanga haina haja ya kuomba mtu. Msalaba wa shaba, ule wanaouita croisette, ulikuwa pesa kabla ya Mzungu kufika. Wayeyushaji waliumimina ndani ya kalibu ya udongo au mchanga, na katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wafu walizikwa nayo. Kadiri miaka ilivyopita misalaba ilikuwa midogo zaidi na yenye kufanana zaidi, njo namna kitu cha heshima kinavyogeuka pesa ya kuhesabu. Katanga iliyojitenga iliuweka kwenye bendera yake, na mwaka wa 1961 kwenye sarafu zake, na upande mwingine wa sarafu wakaweka mkungu wa ndizi. Leo watoza sarafu wanaitafuta. Mafundi wanatengeneza hereni na mikufu ya umbo hilo hilo, pamoja na malakita ya kijani. Mwenye kununua auangalie uzito na rangi ya ndani pale palipokwaruzwa, maana shaba ya kupakwa juu ya chuma iko mingi.

Kuna pia Tintin wa mti, anayechongwa na mafundi wetu na kuuziwa wageni. Hergé alitoa Tintin au Congo mwaka wa 1930 na 1931 bila kukanyaga hapa hata siku moja, na alituchora namna wote wanajua. Mkongomani mmoja aliyekaa Ubelgiji alishtaki kitabu hicho mwaka wa 2007. Mwaka wa 2012 mahakama ya Brussels ilikataa. Wakati huo wote fundi alikuwa anachonga Tintin na kula kwa jasho lake. Mimi napendelea gari za waya za watoto, zenye magurudumu ya vifuniko na usukani mrefu wa fimbo. Kuna watoto wanaotengeneza lori la mgodi lenye kibebeo kinachoinuka na kushuka, na hakuna mwalimu aliyewafundisha.

Mtu akitaka kuanza bede yake, karatasi moja ya A4 inatosha. Ikunje katikati mara tatu, ifungue, ukate mpasuko mmoja pale katikati, uikunje tena: umepata kijitabu cha kurasa nane, na upande mmoja tu wa karatasi umetumika, kwa hiyo fotokopi ni moja. Bic nyeusi ni bora kuliko penseli, ju mashine haioni kijivu vizuri. Maneno yaandikwe kabla ya kuchora kiputo, siyo baadaye, la sivyo herufi zinabanana. Na Kiswahili kiandikwe namna watu wa Kasulo au Musonoi wanavyosema.

Kwa wale walio na bede za zamani ndani ya sanduku, hasa Alerte à Kamoto, Les refoulés au zile za Jeunes pour Jeunes: msizibandike selotepu, inakula karatasi. Mziweke mbali na sakafu wakati wa mvua, na mpige picha ya kila ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila taa ya simu, jalada la nyuma likiwa ndani pia, kwa sababu mara nyingi hapo njo pameandikwa jina la mchoraji na la nyumba iliyochapisha.