Cheti cha Marekani mbele ya chuo cha Uingereza: tazama kipimo kabla ya namba

Mgonjwa aliyepimwa sukari asubuhi kabla ya kula anaweza kupewa jibu la 7.0 au la 126, na majibu hayo mawili yakawa na maana moja. La kwanza limeandikwa kwa milimoli kwa lita, kipimo cha Uingereza. La pili kwa miligramu kwa desilita, kipimo cha Marekani. Mhudumu wa afya asiyetazama kipimo atamtisha mtu bure au atamwacha mgonjwa arudi nyumbani bila tiba. Vyeti vya masomo navyo vina vipimo vyake, na anayevuka kutoka mfumo wa Marekani kwenda wa Uingereza hukutana na hatari hiyohiyo.

Katika huduma za mkoba huko Masasi na Newala, hadi vijiji vya Mnyambe, huulizwa jambo hili na watu wa aina mbili: mzazi ambaye mtoto wake amesomea sekondari Marekani kwa ndugu, na mhudumu mwenzetu mwenye shahada ya Marekani anayetaka kujiendeleza Uingereza. Eneo hili halikuanza leo kuunganishwa na nchi hizo. Hayati Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Masasi, alisoma Makerere kisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Naye Leader Stirling, daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, alifika Lulindi mwaka 1935, akafundisha wauguzi wa hapa, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania.

Tuanze na mwanafunzi wa sekondari. Neno "diploma" hutuchanganya. Kwetu diploma ni stashahada, ilhali diploma ya sekondari ya Marekani ni cheti cha kumaliza shule tu. Vyuo vingi vya Uingereza havikioni kuwa sawa na mitihani ya A-Level, ambayo ni ndugu wa kidato chetu cha sita. Kwa kawaida hutaka pia mitihani ya AP yenye alama za juu katika masomo yanayohusiana na fani. Kwa udaktari, kemia na baiolojia hutangulia. Asiye nayo mara nyingi huelekezwa kwenye mwaka wa msingi, wenye ada yake.

Maombi ya shahada ya kwanza hupitia UCAS, na mwombaji huchagua kozi zisizozidi 5. Kwa udaktari chaguo ni 4 tu, na mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia masomo. Marekani kijana huomba chuo, na fani anaweza kuichagua baadaye. Uingereza huomba kozi tangu siku ya kwanza, kwa hiyo maelezo yake yaeleze kwa nini anafaa kwa kozi hiyo. Habari za michezo na uongozi wa klabu zina uzito mdogo huko.

Kwa mwenye shahada, kikwazo cha kwanza ni GPA. Marekani kilele chake ni 4.0, Tanzania ni 5.0. Kwa hiyo 3.6 ya Marekani ni ufaulu wa juu sana, ilhali 3.6 yetu imo katika daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5 hadi 4.3. Uingereza hutumia madaraja badala ya GPA, na kozi nyingi za uzamili hudai daraja la pili la juu. Andika alama yako pamoja na kilele chake, wala usiigeuze mwenyewe. Acha msajili wa chuo ulichosoma atume transkripti moja kwa moja, na ofisi ya udahili ifanye ulinganisho.

Kikwazo cha pili ni herufi MD. Tanzania ni shahada ya kwanza ya udaktari, ya miaka 5 kabla ya mafunzo ya vitendo. Marekani husomwa kwa miaka 4 baada ya shahada nyingine. Uingereza shahada ya kwanza ya udaktari huitwa MBBS au MBChB, na MD kwa kawaida ni shahada ya juu ya utafiti. Mwombaji asiyefafanua ana hatari ya kudhaniwa kuwa mtu mwingine kabisa.

Faida ipo pia. Shahada iliyosomewa Marekani kwa kawaida huondoa haja ya mtihani wa Kiingereza, kwa kuwa nchi hiyo imo katika orodha ya serikali ya Uingereza ya nchi za wazungumzaji wa Kiingereza. Tanzania haimo, ingawa sisi pia tumefundishwa kwa lugha hiyo.

Fedha ndizo huvunja safari nyingi. Fedha za kuthibitisha uwezo wa kujikimu lazima zikae katika akaunti siku 28 mfululizo, na akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, ya mzazi au ya mlezi halali kisheria. Hapa mila yetu na kanuni zao hazikutani. Kwa Wamakonde mjomba ni nguzo ya malezi, na mara nyingi ndiye mwenye shamba la korosho. Lakini akaunti ya mjomba haihesabiki kama si mlezi wa kisheria. Anayetaka kusaidia aziingize fedha mapema katika akaunti ya mwanafunzi, siku 28 zianze kuhesabiwa hapo. Familia zinazotegemea malipo ya minada ya korosho zipange kalenda yao kwa kanuni hiyo.

Mwombaji anayeishi Tanzania na kwenda kwa zaidi ya miezi 6 hupimwa pia kifua kikuu, katika kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza. Eksirei ya hospitali ya wilaya haikubaliki kwa viza, hata ikiwa safi. Na mwenye familia ajue kwamba tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani haruhusiwi kuongozana na mwenzi wala watoto.

Sasa jambo linalomgusa mgonjwa. Shahada ya uzamili ya Uingereza haimpi mtu ruhusa ya kutibu huko. Leseni hutolewa na Baraza Kuu la Madaktari la nchi hiyo kwa utaratibu wake. Aidha, Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Mtumishi mmoja akiondoka katika kituo cha vijijini, foleni ya wajawazito haipungui. Wanaobaki ndio huongezewa zamu.

Ndiyo maana namshauri mwenzangu aulize kwanza kama safari ni ya lazima. Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola hulipia pia baadhi ya kozi za uzamili kwa njia ya masafa, ambazo mtu husoma akiendelea kuhudumia wagonjwa wake. Ufadhili wa Chevening hulipia mwaka mzima Uingereza, hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na humtaka mhitimu arudi nyumbani kwa angalau miaka 2.

Kabla ya kulipa chochote, uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kama chuo na tuzo hiyo vitatambuliwa hapa nchini. Mtumishi wa umma apate ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri kwa maandishi. Majibu hayo mawili hupatikana bila kuvuka bahari, na ndiyo yatakayoamua kama shahada hiyo itamfikia mgonjwa wa Newala.